Luka, Yohana au Waebrania: tuanzie wapi kufundisha Umwilisho?

Majilio, majuma ya kujiandaa kwa Krismasi, yana Jumapili nne, na jumuiya zetu za pembezoni mwa Dodoma hupanga jioni nne za kusoma Biblia majumbani, lakini jioni hizo nne mara nyingi huwa tatu. Mvua za kwanza zikishuka, kila mwenye shamba anakimbilia uwele na mtama wake, na watu wanarudi giza limeshaingia, udongo umewaganda miguuni. Mwenye kuongoza somo hana nafasi ya kuzunguka. Ana jambo moja la kuwaambia watu, Umwilisho, yaani kwamba Mungu alifanyika mwanadamu kweli, na inambidi achague mlango wa kuingilia.

Milango ipo kadhaa. Mitatu nimeipita na watu zaidi ya mara moja: sura ya pili ya Luka, sura ya kwanza ya Yohana, na sura ya pili na ya nne za Waebrania. Naiweka hapa ubavu kwa ubavu kwa ajili ya mwinjilisti, mwenyekiti wa jumuiya au mwalimu wa Shule ya Jumapili anayejiuliza ashike upi. Haifanani, na nina ninaoupenda kuliko mingine. Nitasema ni upi na kwa nini.

Maneno yenyewe tunayo kinywani. Katika Imani ya Nikea tunakiri kwamba Mwana wa Mungu alishuka kutoka mbinguni, "akawa mwanadamu". Wakatoliki huinama wakifika hapo, na siku ya Krismasi hupiga magoti. Wengi wetu tunapita kwa kasi ileile tuliyoanza nayo. Kazi ya Majilio, naiona hivi, ni kuwasimamisha watu pale.

Luka: ndani ya nyumba

Kila mtu anaijua: Bethlehemu, hori, wachungaji wa kondoo. Kwa kuwa inajulikana sana, mwalimu hudhani hakuna la kufundisha. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipokaa na mstari wa saba peke yake. Biblia ya Union inasema mtoto alilazwa "katika hori ya kulia ng'ombe, kwa sababu nafasi haikuwapo katika nyumba ya wageni."

Vijana wetu wakisikia nyumba ya wageni wanaona gesti. Wanamwona Yusufu akigonga milango pale stendi, mapokezi wanamwambia vyumba vimejaa, na mwenye roho nzuri mmoja anamwonyesha banda la ng'ombe nje ya mji. Hivyo ndivyo watoto wanavyoigiza kila mwaka. Sasa fungua Luka 22:11, Yesu anapotafuta pa kula Pasaka. Union inasema "chumba cha wageni". Kwa Kigiriki neno la hapo na la 2:7 ni lilelile. Halafu nenda Luka 10:34, Msamaria anapompeleka majeruhi mahali penye mtunza wageni anayelipwa. Hapo Union imerudia "nyumba ya wageni", lakini Luka mwenyewe ametumia neno jingine kabisa. Kumbe alilijua neno la gesti, na kwenye kuzaliwa kwa Yesu hakulitumia.

Kwa sababu hiyo wasomi wengi wa Agano Jipya wanasoma hivi: Yusufu alikuwa kwao, kwenye mji wa ukoo wake. Chumba cha wageni cha nyumba waliyofikia kilikuwa kimejaa. Maria akajifungulia kwenye sehemu ya nyumba walimolala watu wote, na mifugo ikalala humohumo.

Jioni moja nilisoma hivyo nyumbani kwa bibi mmoja, upande wa kuelekea Mvumi. Nyumba yake ni tembe ya zamani, paa tambarare la udongo, mlango mfupi unaokulazimisha kuinama. Alisikiliza hadi mwisho bila neno. Kisha akainua fimbo yake, akaielekeza kwenye kona, palipokuwa na ndama wawili wamefungwa na gogo lililochongwa katikati la kuwalishia.

"Mwalimu," akasema, "basi alizaliwa pale."

Sikuwa na la kuongeza. Kwa miaka mingi nilikuwa nikilieleza hori kama aibu: Mungu aliyefukuzwa na watu, akaishia kwa wanyama. Kwa bibi yule kona ile si ya aibu. Ndiyo yenye joto kuliko zote, ndipo wanapowekwa wachanga wasiostahimili baridi ya usiku. Alichosikia ni kwamba Mungu aliingia ndani, akapita mlango mfupi, akakaa mahali ambapo familia inalala na pumzi za ng'ombe zinasikika. Hakutengewa chumba. Alisogezewa nafasi, kama tunavyosogeana wageni wakizidi.

Nguvu ya pili ya Luka ni kwamba mwili hauruki hatua. Kuna mimba iliyotimiza siku zake, kuna tohara siku ya nane, na mwisho wa sura kuna maneno haya: "akazidi kuendelea katika hekima na kimo." Kimo! Waulize akina mama wenye watoto wadogo walete kadi za kliniki, zile zenye mstari wa uzito unaopanda mwezi kwa mwezi. Mweke mmoja aonyeshe mstari wa mwanawe, kisha soma 2:52. Mwana wa Mungu alikuwa na mstari huo.  Sijui njia fupi kuliko hiyo ya kumfikisha mtu kwenye neno "kweli" tunaposema alikuwa mwanadamu kweli.

Upungufu wake nao upo, na si mdogo. Luka anasema mtoto ataitwa Mwana wa Mungu, ila hasimami kueleza alikuwa nani kabla Maria hajachukua mimba. Msikilizaji anaweza kuondoka na hadithi tamu ya mtoto wa maskini aliyekuja kuwa mkubwa, na hadithi za namna hiyo tunazo nyingi na tunazipenda. Umwilisho ni kinyume cha hiyo. Aliyekuwa mkubwa kuliko wote ndiye aliyeanza kutambaa. Ukifundisha Luka peke yake jioni zote, hapo hutafika.

Yohana: kwetu

Yohana hana Maria mwenye mimba wala usiku wa wachungaji. Anaanza kabla ya kuumbwa chochote: Neno alikuwako, Neno alikuwako kwa Mungu, Neno alikuwa Mungu. Anashuka taratibu hadi mstari wa 14: "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu."

Naomba tukae kwenye neno hilo la mwisho, kwa sababu Kiswahili kimetubariki hapo. Mfasiri angeweza kuandika "akakaa nasi", ingetosha. Aliandika "kwetu". Na kwetu, kila Mswahili anajua, si mahali ulipo tu. Mtumishi wa serikali aliyehamia Dodoma kutoka Dar es Salaam, akapanga nyumba Nkuhungu au Ihumwa, ukimuuliza kwao ni wapi atakutajia Rombo, Tukuyu au Newala. Ana kitanda hapa, ana kazi Mtumba kwenye mji wa serikali, lakini kwao ni kule walikozikwa babu zake. Mwezi wa kumi na mbili ukifika anabeba mabegi, mabasi yanajaa, treni inajaa, mji unabaki mwepesi. Watu wanakwenda kwao.

Yohana anasema Mungu naye alikuja kwetu, wakati kwake ni kwingine, na akakaa. Kitenzi cha Kigiriki kilichotumika kimetokana na hema. Ni kama kusema alipiga hema katikati yetu, na Myahudi aliyelisikia angekumbuka hema la jangwani ambamo utukufu wa Bwana ulishuka. Mstari wa 11 umeshatangulia kuonya: "Alikuja kwake, wala walio wake hawakumpokea." Kwake, kwetu. Katika jumuiya yenye wahamiaji wengi nimewahi kutumia jioni nzima kwenye maneno hayo mawili tu, na watu waliongea kuliko jioni nyingine yoyote. Mama mmoja mwuguzi alisema amekaa Dodoma miaka mitano na hajawahi kuiita kwetu hata mara moja.

Hapa chagua Biblia yako mapema. Union inasema "alifanyika mwili", tafsiri ya Habari Njema inasema "akawa mwanadamu". Zote zina sababu. "Mwili" ndilo neno la Yohana mwenyewe, neno zito, la nyama na damu, na halipaswi kupotea. Hatari yake ni kwamba msikilizaji anaweza kudhani Mungu aliuvaa mwili kama mtu anavyovaa kanzu, ndani akabaki vilevile. "Mwanadamu" linaifunga hatari hiyo, kwani mwanadamu ana akili, ana moyo, ana hofu. Mimi husoma Union kwa sauti, kisha namwomba kijana mmoja asome Habari Njema, na swali la kwanza la jioni linatoka kwenye tofauti hiyo bila mimi kulitunga.

Yohana pia ndiye anayetakiwa pale imani inapoulizwa maswali. Ario, padri wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, wa juu kuliko wote, lakini kiumbe, na kwamba palikuwa na wakati hakuwako. Maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325 walikataa, wakakiri kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Mwaka 451, Kalkedoni, Kanisa likasema Kristo ni mmoja katika asili mbili, ya Kimungu na ya kibinadamu, bila kuchanganyika, bila kubadilika, bila kugawanyika, bila kutengana. Hizo "bila" nne watu wazima wanaweza kuzishika kwa vidole vya mkono mmoja. Usiende mbali zaidi ya hapo kwenye jumuiya.

Na majirani zetu Waislamu wanauliza, kwa haki kabisa. Fundi cherehani mmoja tuliyesalimiana kila asubuhi kwa miaka aliniuliza siku moja, uso wake ukiwa hauna mzaha hata kidogo, "Kaka, nisaidie. Mungu ananyonya?" Sikumkasirikia. Swali lake lina umri mkubwa. Mabishano ya karibu sana na hilo yaliufikisha Kanisa kwenye Mtaguso wa Efeso mwaka 431, likathibitisha kwamba Maria anaitwa kwa haki Mzazi wa Mungu, kwa kuwa aliyemzaa na kumnyonyesha ni Mwana wa Mungu mwenyewe, si mtu mwingine aliyekaliwa na Mungu. Nilimjibu hivyo. Nikamwambia pia kwamba hatusemi mtu alipandishwa cheo akawa Mungu, wala kwamba Mungu alikuwa na mke. Tunasema Neno wa Mungu, aliyekuwako siku zote, alitwaa ubinadamu wetu bila kuacha kuwa alivyo.

Qurani nayo inamwita Isa neno kutoka kwa Mungu, katika Aal Imran 45 na An-Nisaa 171, na wanajumuiya wengi hushangaa wakiambiwa. Lakini tusijidanganye kwamba neno moja limemaliza tofauti. Mwislamu anashikilia kwamba Isa ni mtume na mja aliyeumbwa, nasi tunamwabudu. Fundi yule na mimi hatukukubaliana, na kesho yake alinishonea suruali.

Kwa jumuiya ya wanafunzi wa vyuo, basi, sina shaka: anza na Yohana. Kwa wakulima waliochoka sina shaka pia: usianze naye. Mwaka wangu wa kwanza nilianza naye. Nilisoma mistari kumi na minane yote kwa mfululizo, na ukimya uliofuata haukuwa wa kutafakari.

Waebrania: msibani

Mlango huu wengi hawaufikirii wakati wa Krismasi, kwa kuwa hauna mtoto ndani yake. Waebrania hausimulii kuzaliwa. Unasema kwa nini. "Kwa kuwa watoto wameshiriki damu na mwili, yeye naye vivyo hivyo alishiriki yayo hayo," inasema 2:14, ili kwa kufa kwake amwangamize mwenye nguvu za mauti. Na 4:15 inasema hatuna kuhani mkuu "asiyeweza kuchukuana nasi" katika udhaifu wetu, kwa kuwa alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi.

Kuchukuana. Tazama kitenzi hicho. Mtu aliyeanguka njiani ukimshika kwapani, uzito wake unakuja kwako, mnakwenda hivyo. Huwezi kuchukuana na mtu ukiwa umesimama mbali.

Mwaka mmoja tulikuwa tumepanga Luka, na wiki ile mama wa nyumba iliyopaswa kutupokea akamzika mwanawe wa miaka minne. Aliomba tusihamishe ibada. Tulipofika turubai lilikuwa bado uani. Nilimtazama, nikaitazama Luka 2 na yule mtoto mchanga aliyevikwa nguo za kitoto, nikafunga kitabu. Sikuweza. Nikafungua Waebrania, nikampa yeye mwenyewe asome. Alifika "kuchukuana nasi" akaacha, akarudia mara mbili, kisha akasema, "Basi anajua." Wale akina mama wengine walianza kuimba taratibu, na somo likawa limekwisha.

Kwa wazee wa Ugogo mlango huu una njia nyingine. Njaa ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, bado inatajwa majumbani, ingawa walioiona hawapo tena. Vita vya wakoloni viliwachukulia watu chakula, mifugo na nguvu kazi, kisha mvua zikakata. Kuhani wa Agano la Kale ni mgeni kwao, lakini mtemi aliyesimama mbele ya watu kuomba mvua wanamwelewa. Naye ukame ule ulimpata na watu wake. Ukianzia hapo, kisha ukasoma Mathayo 4:2, kwamba Yesu alifunga siku arobaini "mwisho akaona njaa", wanakuelewa kabla hujafafanua. Mungu aliona njaa. Nimesikia mzee akiyarudia maneno hayo chini kwa chini kwa Kigogo huku akitikisa kichwa.

Gregori wa Nazianzo, katika karne ya nne, aliandika kwamba kisichotwaliwa hakikuponywa. Alikuwa akijibu mafundisho ya Apolinari kwamba Kristo hakuwa na akili ya kibinadamu, eti nafasi yake ilikaliwa na Neno. Nilipokuwa kijana niliona hayo ni ya madarasa ya theolojia. Sasa nimekaa na watu wenye sonona, watu ambao miili yao ni mizima na kinachouma ni mawazo, na naona Gregori alikuwa akiwapigania wao. Kama Kristo hakuwa na akili kama yetu, basi usiku ule wa Gethsemane haukuwa na hofu ya kweli, na mwenye hofu leo yuko peke yake.

Kinacholemea Waebrania ni vitu vinavyouzunguka: Melkizedeki, pazia, damu za mbuzi. Usivifungue. Chukua 2:14 hadi 18 na 4:14 hadi 16, uache sura ya saba ipumzike hadi Kwaresima.

Na mingine?

Mathayo ana jina Imanueli, Mungu pamoja nasi, na linafungwa mwishoni na "mimi nipo pamoja nanyi siku zote". Ni nzuri kwa watoto. Ukoo wa sura ya kwanza uache kwa wenye subira, ingawa wazee wanaojua kuhesabu vizazi huufurahia. Wafilipi 2, kuhusu aliyetwaa namna ya mtumwa, ni somo la viongozi. Napenda kulitumia kwenye kikao cha wazee wa kanisa kuliko kwenye jumuiya.

Ninavyopanga mimi

Kwa jumuiya ya kawaida ya Dodoma, yenye bibi, wakulima, mwuguzi mhamiaji na vijana wawili wa chuo, naanza na Luka, na namkalia jioni mbili. Ya kwanza ni ya hori na nyumba, ya pili ni ya kimo. Jioni ya tatu ni Waebrania. Yohana namweka ya mwisho, karibu kabisa na sikukuu, kwa sababu ya kalenda: katika makanisa mengi usiku wa Krismasi husomwa Luka 2, na mchana wake husomwa Yohana 1. Watu wakifika kanisani mchana ule wakiwa wametoka juzi tu kubishana juu ya "kwetu", husikia kitu ambacho mwaka jana kiliwapita. Na mvua ikila jioni moja, ipotee ile ya kimo. Yohana asipotee.

Kwa jumuiya ya chuo geuza: Yohana kwanza, Luka mwisho, ili wasibaki na wazo lisilo na ngozi. Na kukiwa na msiba wowote, hata wa nyumba ya tatu, weka mpango wako mfukoni, ushike Waebrania.

Mwaka huu tunaanzia kwa bibi wa tembe, ameshaomba mwenyewe. Ibada itaanza ng'ombe wakisharudi. Nimewaambia vijana wabebe Habari Njema mbili na tochi, na wasiweke viti kwenye ile kona.